Mbwa mgeni hapatani na mwenyeji: soma dalili kabla ya kutafuta dawa

Kama muda huu unaposoma wanyama wako wanakwaruzana chumba cha pili, nenda kwanza ukawatenganishe. Weka mlango uliofungwa kati yao, siyo kamba wala mtoto wa kuwashika. Wakikaa mbalimbali siku mbili tatu hakuna kinachoharibika. Wakiachwa "wamalizane wenyewe" kinaharibika kingi, na kingine hakitengenezeki tena.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kumleta mbwa nyumbani na mambo hayaendi. Mbwa mpya namwita mgeni. Mnyama aliyemkuta pale, awe mbwa, paka au sungura, namwita mwenyeji.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba kelele moja ina sababu nyingi. Mbwa anayebweka na kuruka mbele ya mwenzake huenda anaogopa, analinda kitu, ana maumivu, anawinda, au anataka tu kucheza na kamba inamzuia. Ukimshughulikia mwoga kama mkorofi, ukamkemea na kumvuta kwa nguvu, umemthibitishia kuwa yule mwenzake akitokea, balaa nalo hutokea. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza nani kaanza. Uliza sekunde chache kabla ya hapo palikuwa na nini. Bakuli? Mlango? Wewe umeketi na mmoja wao kalala miguuni? Rekodi kwa simu, kisha uitazame video polepole ukiwa umezima sauti. Mara nyingi utagundua kwamba anayeonekana mchokozi ndiye aliyekodolewa macho kwanza, na kwamba ishara zilikuwepo kitambo: kulamba pua, kupiga miayo bila usingizi, kugeuza kichwa pembeni huku macho yamebaki kwa mwenzake hadi weupe wa jicho unaonekana.

Wananguruma tangu dakika ya kwanza (mbwa kwa mbwa)

Chunguza walikutanishwaje. Sababu ninayoikuta zaidi ni kukutana uso kwa uso mlangoni, kila mmoja kashikwa kwa kamba iliyokazwa. Mbwa walio huru hawasogeleani hivyo. Huzunguka, hunusana ubavuni na nyuma, huachana, kisha hurudiana. Kamba iliyokazwa inamnyima mbwa uhuru huo. Inamwinua kifua, inamsukuma uzito mbele, na mwenzake anamwona kama anayejiandaa kushambulia, hata kama hana nia hiyo.

Anza upya, nje ya nyumba, mahali ambapo hakuna anayepaona kuwa pake. Muwe watu wawili, kila mmoja na mbwa wake, mkitembea kuelekea upande mmoja. Muachane umbali unaomruhusu kila mbwa amwone mwenzake na bado apokee kipande cha nyama mkononi mwako. Huenda ni mita 5, huenda ni 30. Mbwa ndiye anayeamua. Mimi huamini mdomo kuliko mkia. Mkia hutikiswa kwa furaha na kwa wasiwasi vilevile, lakini mbwa aliyezidiwa na hofu hali, hata nyama aipendayo. Punguzeni umbali taratibu, mbadilishane nafasi ili kila mmoja anuse alipopita mwenzake. Wakishatulia, legezeni kamba, waache wanusane sekunde tatu, waiteni, muendelee na safari. Kukutana kufupi kukiisha vizuri kunafaa kuliko kurefu kunakoishia kwa meno.

Kurudi nyumbani, mwenyeji abaki nje kwanza. Mgeni aingie, azunguke, anuse vyumba, ndipo mwenyeji aingizwe. Kabla ya hapo uwe umeokota kila kitu cha kugombania: mabakuli, mifupa, mipira, hata lile tambara la kulalia.

Na kunguruma kwenyewe usikuadhibu. Mbwa anayenguruma bado anazungumza, anaomba nafasi. Ukimkomesha, utabaki na mbwa anayeng'ata bila kutoa taarifa, na huyo ni mgumu zaidi kuishi naye.

Ni vita wakiwa pande mbili za geti tu

Ondoa kizuizi, kimya kinatawala. Rudisha kizuizi, vita. Hapo mara nyingi tatizo ni kukereka: wanaonana, hawafikiani, na kila siku wanajizoeza kubwekeana. Tundika shuka au kadibodi kwenye wavu ili wanusane bila kuonana, na usiwaache hapo wenyewe kwa saa nzima. Ila usifungue geti ghafla eti upime kama kweli watanyamaza. Wapo wasionyamaza.

Wiki ya kwanza walipatana, sasa wanapigana

Hili ndilo huwavunja watu moyo, maana wanadhani wamefanya jambo jipya baya. Mara nyingi hawajafanya. Mgeni hakuwa mpole, alikuwa ameduwaa. Mbwa aliyehamishwa huweza kukaa siku kadhaa bila kuonyesha tabia yake halisi: anakula kidogo, analala sana, anampisha kila mtu. Wafugaji wengi wana kanuni ya siku 3, wiki 3 na miezi 3: siku 3 za mshtuko, wiki 3 za kujifunza ratiba, miezi 3 hadi ajione wa nyumbani. Si sayansi, wala kila mbwa hafuati, lakini inakukumbusha usijipongeze mapema. Kadiri mgeni anavyojiona wa pale, ndivyo anavyoanza kudai vitu, na mwenyeji aliyekuwa akivumilia sasa naye anajibu.

Chukua karatasi uandike kila ugomvi ulitokea wapi. Ndani ya wiki moja utaona pahala panajirudia. Milango na korido nyembamba, kwa kuwa hakuna pa kupishana. Jikoni chakula kikiandaliwa. Kitandani. Chini ya meza. Miguuni pako. Ugomvi wa namna hii ni wa kulinda mali, na dalili zake huanza kabla ya meno: mbwa anakula haraka kuliko kawaida mwenzake akikaribia, anajiinamia juu ya bakuli, au anaganda. Kule kuganda ndiko kwa kuogopwa. Taya limeacha kutafuna, shingo imekakamaa, jicho moja linakutazama kwa pembeni. Baada ya hapo unayo sekunde moja, labda mbili.

La kufanya ni kupanga nyumba upya kabla ya kumfunza mtu yeyote kitu. Kila mmoja ale chumba chake, mlango umefungwa, na mabakuli yaondolewe wakimaliza, kwa sababu bakuli tupu nalo hulindwa. Mifupa na vya kutafuna vitolewe wakiwa wametenganishwa tu. Sehemu za kulala ziwe zaidi ya idadi ya mbwa. Milangoni, mmoja aitwe apite, mwingine asubiri nyuma yako. Kama kinacholindwa ni wewe, yaani mwenyeji anakakamaa mgeni akisogelea kiti chako, inuka uondoke bila kusema neno. Ukimbembeleza pale, unamwonyesha kuwa mahali pale pana thamani anayoifikiria.

Kuna jambo moja huwachanganya watu: leo wanapigana kwa kitu ambacho jana hawakukijali. Hasira ya mbwa hujaa kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalovuja. Asubuhi kulikuwa na ngurumo za radi, mchana akaja fundi, jioni watoto wakakimbizana ndani. Tone la mwisho ni mgeni kupita tu karibu na mkia wake. Msukosuko mmoja mkubwa huweza kumwacha mbwa na wepesi wa kuchokozeka hata siku ya pili. Baada ya ugomvi, wape siku mbili za utulivu wakiwa mbalimbali, kisha uanze tena na kile kilichokuwa kikienda vizuri mara ya mwisho, hata kama ni kutembea sambamba tu.

Mwenyeji mzee anamkaripia mtoto wa mbwa

Hapa tofautisha adabu na hatari. Mtoto wa mbwa anaruka juu ya shingo ya mzee, anamng'ata sikio kwa yale meno membamba, anarudi tena na tena. Mzee anainua mdomo wa juu upande mmoja, anaonyesha jino, ananguruma chini chini, mtoto haelewi. Mzee anafyatua kichwa, taya linagonga hewani karibu kabisa na pua ya mtoto, kilio kinasikika, na mtoto anarudi nyuma. Mzee analaza kichwa chini, basi imekwisha. Hakuna damu, hakuna kufuatana. Hilo ni somo halali, na wewe hukuhitajika.

Hatari ni pale mzee anapomfuata mtoto aliyekwisha kukimbia, anapombana chini na hamwachii japo kanyamaza, au anapoanza kumvizia kabla mtoto hajafanya chochote. Hatari pia ni kwa mzee mwenyewe, pale anapoacha kutoka chumbani.

Mzee aliyebadilika ghafla apelekwe kwa daktari wa wanyama kabla hujamwita mkorofi. Maumivu ya viungo, meno mabovu, masikio yenye usaha na macho yanayofifia huwafanya mbwa wakali kwa kitu kidogo. Mbwa mwenye nyonga inayouma hajui kuwa mtoto anacheza. Anajua tu kuwa kila yule kiumbe akija, nyonga inauma. Chunguza anavyoinuka asubuhi, kama anasita kupanda ngazi, kama analamba kifundo kimoja. Nimeona "uadui" mwingi ukiisha kwa dawa ya maumivu. Usimpe dawa za binadamu: ibuprofeni huweza kumwumiza mbwa tumbo na figo, na parasetamo huua paka.

Huku nyuma, mpe mzee chumba au kona iliyozibwa ambayo mtoto haingii kabisa, na mtoto alazwe usingizi wa mchana. Watoto wa mbwa hulala saa nyingi sana kwa siku, na asiyelala vya kutosha huwa mng'ataji. Ifikapo miezi minne, mitano hivi, uvumilivu wa wakubwa hupungua. Yale yaliyosamehewa utotoni yanaanza kujibiwa, hivyo kazi ya kumzuia asimchoshe mzee ni yako tangu siku ya kwanza.

Wamepigana kweli, damu imetoka

Wakati wa ugomvi usiweke mkono karibu na vichwa vyao. Hata mbwa anayekupenda hachagui anachoking'ata akiwa katikati ya vita. Jaribu kelele kubwa, maji, au ingiza kitu kipana katikati: ubao, kiti, mto wa kochi. Mkiwa wawili na mengine yameshindikana, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, ainue, arudi nyuma akizunguka kidogo. Ukiwa peke yako njia hiyo haifai, maana yule uliyemwacha ataendelea.

Kisha wakague wote wawili, manyoya yapekuliwe kwa vidole. Tundu dogo la jino huficha mpasuko mkubwa chini ya ngozi, na baada ya siku chache linageuka jipu. Mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, na chanjo hufanya kazi ikiwahi kabla ya dalili.

Sasa kuhusu ule ushauri wa "acha wajue nani mkubwa". Chimbuko lake moja ni uchunguzi wa Rudolf Schenkel uliochapishwa mwaka 1947, juu ya mbwa mwitu (wale waitwao wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama, wakigombania vyeo. L. David Mech, mtafiti ambaye naye alisaidia kueneza dhana ya kiongozi wa kundi, aliandika mwaka 1999 kuwa kundi la kawaida porini ni familia: baba, mama na watoto wao. Hakuna mapinduzi ya kila wiki. Mbwa wa nyumbani wanaotoana damu hawapangi uongozi. Kila pigano linawafundisha kuogopana zaidi. Na wewe kumlaza mgeni chali kwa nguvu "ajue adabu" kunaongeza tu mpinzani wa tatu kwenye ugomvi.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa majike wawili wa nyumba moja. Watu hudhani madume ndio tatizo, lakini mapigano ya majike mara nyingi huwa makali na huchelewa kusahaulika. Kuhasi dume hupunguza baadhi ya ugomvi, hasa wa kugombania jike, ila usitegemee mabadiliko kesho yake. Inachukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo bado anaweza kumtia mimba jike. Ukali unaotokana na woga hautibiwi kwa kisu.

Paka amejificha na hali

Kujificha siku moja mbili ni kawaida. Kutokula si kawaida. Paka aliyepitisha saa 24 bila kugusa chakula mpigie daktari. Paka, hasa mnene, akikaa na njaa siku chache mwili hupeleka mafuta kwa wingi kwenye ini, na ini linaweza kushindwa. Kwa hiyo usingoje "akisikia njaa atatoka".

Kisababishi karibu kila mara ni kwamba hana njia. Nyumba ya paka si sakafu tu, ni pamoja na juu ya kabati, dirishani, kwenye rafu. Mbwa akiingia, sakafu imechukuliwa. Kama juu nako hakuna pa kupita, paka anabaki chini ya kitanda, akitazama miguu. Mpe chumba kimoja ambacho mbwa haingii kabisa, chenye maji, chakula, beseni la mchanga na pa kupanda. Nyumba iliyobaki, tengeneza njia ya juu: meza, kisha rafu, kisha kabati, ili avuke sebule bila kukanyaga chini. Vitu vya juu viwe imara. Paka akiteleza mara moja mbele ya mbwa, hatapanda tena.

Baada ya hapo anza na harufu. Futa mashavu ya paka kwa kitambaa kikavu, ukiweke karibu na mahali pa mbwa pa kulala, na cha mbwa upeleke kwa paka. Wote wawili walishwe pande mbili za mlango uliofungwa, mbali mwanzoni, kisha mkisogeza mabakuli. Paka akila kwa utulivu akisikia pumzi za mbwa chini ya mlango, fungua upenyo mdogo, mbwa akiwa kwenye kamba na amelala chini. Dakika mbili zinatosha. Mbwa asipelekwe kwa paka, na paka asibebwe mikononi kupelekwa kwa mbwa: atakupanda kichwani akikimbia, na kucha zikimfikia mbwa machoni, jicho lililokwaruzwa linahitaji daktari siku hiyohiyo.

Paka ndiye anayepanga mwendo. Wengine humaliza kwa siku chache, wengine miezi.

Paka anakojoa nje ya mchanga

Kwanza ugonjwa, kisha tabia. Msongo wa mawazo peke yake huweza kumletea paka uvimbe wa kibofu. Dume anayeingia na kutoka kwenye mchanga, anajikamua, analia, na mkojo hautoki, njia yake imeziba na anaweza kufa. Huyo hasubiri kesho.

Kama mkojo unatoka vizuri, tazama beseni liko wapi. Kwenye kona yenye mlango mmoja, mbwa akisimama pale mlangoni paka anakuwa mtegoni. Pengine mbwa humvamia akiwa humo, au hula kinyesi chake. Ndiyo, mbwa wengi hula. Kina harufu ya nyama. Sogeza beseni mahali penye njia mbili za kutokea, au nyuma ya upenyo ambao mbwa hapiti, na uongeze la pili. Chakula cha paka nacho kiwekwe juu. Mambo haya mawili tu hutuliza nyumba nyingi.

Mbwa anamkodolea paka macho, kimya

Watu huniambia kwa furaha: "Hajambwekea hata mara moja, anamwangalia tu." Hapo ndipo mimi naingiwa na wasiwasi. Mbwa anayebweka na kurukaruka huenda ana msisimko au woga. Mbwa anayewinda hanyanyui sauti. Kichwa kinashuka hadi usawa wa mgongo, masikio yanaelekea mbele, mdomo uliokuwa wazi unafungwa, mguu mmoja wa mbele unabaki hewani. Hapepesi. Pengine mapaja yanatetemeka kidogo. Ukimwita, hata sikio haligeuki.

Huo si ukali, na ndiyo maana ni hatari: hakuna kunguruma, hakuna onyo. Asubuhi anaweza kulala ubavu kwa ubavu na paka, jioni paka akikatiza uani mbio, akamuua.

Pima hivi. Mbwa awe kwenye kamba, paka aonekane kwa mbali upande wa pili wa wavu. Mwite mbwa jina mara moja. Akigeuka ndani ya sekunde chache na kuchukua nyama, unaye mwanafunzi. Kila anapomtazama paka kisha akakugeukia, mpe. Rudia kwa vipindi vifupi, umbali ukipungua polepole. Asipogeuka, ongeza umbali hadi aweze. Kama hata chumba kizima kikiwa kati yao bado haondoi macho, au anakataa chakula na kutetemeka, simamisha zoezi. Huyo anahitaji mtaalamu wa tabia za wanyama, na huenda ni mbwa asiyefaa kuishi na paka.

Aina zilizozalishwa kwa kukimbiza windo, kama Greyhound na jamii za terrier, zina mwelekeo huo zaidi, japo wapo wengi kati yao wanaoishi na paka bila shida. Umri nao una uzito. Mbwa aliyezoeshwa paka akiwa kati ya wiki 3 na 14 hivi za maisha huwa na kazi nyepesi kuliko aliyekutana naye mara ya kwanza akiwa mtu mzima.

Anayemfukuza paka anapokimbia tu, lakini humpuuza akitembea, ni kesi nyepesi. Aburute kamba nyepesi ndani ya nyumba ukiwepo, uikanyage kabla mbio hazijaanza, na umlipe kila anapolala paka akipita. Ukitoka, wafungiwe mbalimbali.

Paka ndiye mchokozi

Ipo. Paka anamvizia mgeni nyuma ya kochi, anamparua pua, na mbwa mkubwa anaogopa kuvuka sebule. Wamiliki hucheka, wakisahau kuwa mbwa aliyebanwa kona siku moja atajibu, na uzito wa miili yao haulingani. Mpe mbwa naye mahali ambapo paka hafiki, uwaanzishe upya kwa mlango uliofungwa kama hapo juu.

Mwenyeji ni sungura, panya wa kufuga au ndege

Matarajio yako yashushwe. Lengo siyo urafiki, ni kutokutana. Kwa sungura harufu ya mbwa pekee ni taarifa ya kifo: anapiga mguu wa nyuma chini kwa kishindo, anaganda, anaacha kula. Sungura asiyekula kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura, kwa kuwa utumbo wake husimama. Weka vizuizi viwili kati yao kila wakati, kwa mfano kizimba imara ndani ya chumba kilichofungwa. Kizimba peke yake hakitoshi. Mbwa anaweza kukipindua, na anayezunguka kukinusa kutwa nzima anamtesa aliye ndani japo hajamgusa.

Si tabia, ni ugonjwa ulioingia na mgeni

Mwenyeji amepooza tangu mgeni aje, hali, hataki kucheza, nawe unadhani ni wivu. Pima joto la mwili, angalia kinyesi. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, huonyesha dalili kwa kawaida siku 3 hadi 7 baada ya maambukizi, pengine hadi 14: kutapika, kuharisha damu, kulegea. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Dawa ya klorini huviua, ila kwenye sakafu iliyokwisha kusafishwa kwanza. Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, huja na homa, makamasi na matongo, kisha huweza kuishia kwa degedege. Kikohozi kikavu kinachosikika kama mbwa kakwamwa na mfupa huenea haraka kati ya mbwa wanaopumua hewa moja. Ndiyo sababu mgeni mwenye historia isiyojulikana hutengwa wiki mbili, akapimwa, akapewa chanjo na dawa ya minyoo kabla ya kukutanishwa na mbwa mwenzake.

Halafu kuna hili, ambalo wengi huambiwa wakiwa wamechelewa. Dawa nyingi za kupe na viroboto za kumdondoshea mbwa mgongoni zina permethrini. Kwa mbwa haina neno. Kwa paka ni sumu kali. Paka aliyelala juu ya mbwa aliyetiwa dawa hiyo, au aliyemlamba, huanza kutetemeka, kuyumba, kudondosha mate, kisha degedege. Kama nyumba ina paka, mwombe daktari dawa ya mbwa isiyo na permethrini. Ikiwa imekwisha kutumika, watenganishe hadi muda ulioandikwa kwenye pakiti upite, na paka akianza kutetemeka mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo ukiwa umeshapiga simu, usingoje aone nafuu.

Hakuna kinachosogea

Kama miezi imepita na bado kila kukutana kunaishia kwa damu, kama mwenyeji anakonda au haishi tena nyumbani kwake isipokuwa chini ya kitanda, au kama mbwa haondoi macho kwa paka hata ukiwa na mtaalamu, zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni zamu: nyumba imegawanywa kwa milango, mmoja nje mwingine ndani, mkibadilishana kwa saa. Inawezekana kwa miaka, lakini inadai kila mtu wa nyumba, pamoja na watoto na wageni, afunge mlango kila mara. Kwenye nyumba ya watu sita mimi siitegemei.

Ya pili ni kumtafutia mgeni makazi mengine, na si aibu. Anayemchukua mweleze yote: anapatana na nani na hapatani na nani, aling'ata nini, katika hali gani, alikuwa umbali gani na paka alipoanza kuganda. Mkabidhi kadi ya chanjo, chakula alichokizoea cha siku chache, na zile video ulizorekodi.